Kichwa na mabega kwenye sarafu ya mia tano

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Susuni, Tarime. Jioni moja mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, akaja na simu yenye kitabu cha kurasa mia kadhaa, cha Kiingereza, kinachofundisha kusoma chati za bei. Alikuwa amekisoma kwa miezi minne, usiku, kamusi pembeni, na alikuwa na kaunta buku lililojaa michoro ya penseli. Daftari lile lilikuwa safi kuliko langu la utafiti, niseme ukweli. Alichotaka ni kitu kimoja: nimwambie kama ni sawa achukue shilingi 600,000 za mahindi aziingize sokoni kwa kufuata alichojifunza.

Mimi kazi yangu ni takwimu, si uwekezaji. Nikamwambia sitamshauri cha kununua wala kuuza, ila tunaweza kukipima kitabu. Akaniangalia kama mtu aliyeomba maji akaonyeshwa njia ya kisimani.

Kwanza tujue kitabu kinadai nini. Uchambuzi wa chati unasema hivi: huna haja ya kujua kampuni inauza nini, inapata faida gani, wala mkurugenzi wake ni nani. Yote hayo yameshaingia kwenye bei. Wewe angalia bei na kiasi kilichouzwa, kwa sababu wanunuzi ni binadamu, na binadamu hurudia tabia zao. Wazo hili huhusishwa na Charles Dow, mhariri wa gazeti la Wall Street Journal, aliyefariki mwaka 1902. Dow mwenyewe hakuandika kitabu juu yake. Wengine ndio waliokusanya makala zake na kuziita nadharia. Mwaka 1948 Robert Edwards na John Magee wakatoa kitabu kilichokuwa kama msahafu wa fani hii, na majina mengi ya maumbo yanayotumika leo yanapatikana humo. Inasimuliwa kwamba Magee aliziba madirisha ya ofisi yake ili hata hali ya hewa isimvuruge akili anaposoma chati. Mkulima wa Tarime angemshangaa sana.

Mishumaa nayo ilitoka Japani, kwenye biashara ya mchele. Kila mshumaa mmoja ni siku moja (au saa moja, au dakika tano) na unabeba bei nne: ya kufungulia, ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya kufungia. Jina linalotajwa sana ni la Munehisa Homma, mfanyabiashara wa mchele wa karne ya 18, ingawa hakuna ushahidi mzuri kwamba mishumaa yenyewe aliichora yeye. Wasomaji wa Kiingereza waliifahamu zaidi kupitia kitabu cha Steve Nison cha mwaka 1991.

Sasa turudi Susuni. Nilitoa sarafu ya shilingi 500, ile yenye Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Nikamwambia mdogo wangu aende nje kidogo. Bei nikaianzisha kwenye 500. Nikarusha: ikitoka Karume bei inapanda 10, ikitoka nyati inashuka 10. Nikarusha mara 60, nikachora mstari. Kisha nikafunika ncha ya kulia kwa karatasi, nikamwita, nikamwambia hizi ni bei za hisa fulani, afungue mrusho mmoja mmoja na aseme angefanya nini.

Hakuchukua muda. Mrusho wa 14 bei ilikuwa imefika 540, ikashuka hadi 520. Ikapanda tena hadi 570 kwenye mrusho wa 29, ikarudi 520. Ikajaribu mara ya tatu, ikaishia 550, ikarudi tena 520 kwenye mrusho wa 50. Vilele vitatu, cha katikati kikiwa kirefu kuliko vya pembeni, na vyote vimesimama juu ya mstari mmoja wa 520. Kwenye vitabu umbo hili linaitwa kichwa na mabega, na pengine ndilo maarufu kuliko yote. Bei ikivunja mstari wa shingo kwenda chini, uza. Itashuka kiasi gani? Chukua urefu kutoka kichwani hadi shingoni, yaani 570 kutoa 520, unapata 50. Ondoa 50 hizo kwenye 520, lengo ni 470.

Mrusho wa 51 ulileta nyati. Bei 510.

"Mura, hapa ni kuuza!" akasema. Na kwa kitabu chake alikuwa sahihi kabisa.

Mrusho wa 52 ukaleta nyati tena, 500. Baada ya hapo sarafu ikageuka, na mrusho wa 60 ukaishia 540. Nilipomwambia ni sarafu alinyamaza kidogo, kisha akasema kitu cha maana sana: "Kwa hiyo ingefika 470 ungeniambia nini?" Ningemwambia hivyo hivyo. Chati moja haithibitishi wala haikanushi. Kilichonigusa mimi si kwamba alikosea bali kwamba umbo lilitokea, zuri, lenye shingo na mabega, na nyuma yake hakukuwa na mnunuzi hata mmoja, wala hofu wala tamaa. Kulikuwa na sarafu tu.

Huu si uvumbuzi wangu. Mwaka 1959 mtaalamu wa takwimu wa Marekani, Harry Roberts, alionyesha kwamba mfululizo wa namba za bahati nasibu ukijumlishwa hatua kwa hatua unatoa michoro inayofanana mno na chati za soko la hisa. Burton Malkiel alilifanya zoezi la sarafu liwe maarufu kwenye kitabu chake cha mwaka 1973. Ujanja uko kwenye neno *kujumlisha*. Mirusho yenyewe haina kumbukumbu, lakini bei inayo, kwa sababu bei ya leo ni ya jana kuongeza au kutoa kidogo. Mstari wa namna hiyo hauwezi kurukaruka ovyo. Lazima upande kwa muda, utulie, ushuke, na jicho la binadamu likiona vilima na mabonde linaanza kuvipa majina. Halafu mfululizo wa matokeo yanayofanana ni jambo la kawaida kuliko tunavyodhani. Ukirusha sarafu ya haki mara 60, uwezekano wa kupata angalau mara moja matokeo matano mfululizo ya upande mmoja ni kama 88 kwa 100. Mtu akiona Karume mara tano mfululizo kwenye chati anasema "mwelekeo umeanza". Kumbe ni sarafu inafanya kazi yake ya kila siku.

Je, basi chati zote ni upuuzi? Hapana, na hapa ndipo baadhi ya wenzangu wa vyuoni wanapokimbilia hitimisho. Swali lenyewe limepimwa sana. Mwaka 1992 Brock, Lakonishok na LeBaron walichukua kanuni 26 rahisi za vitabuni, kama wastani wa kusogea na kuvunja sakafu au dari ya bei, wakazijaribu kwenye kielelezo cha Dow Jones kuanzia 1897 hadi 1986. Kanuni zilionekana kuwa na taarifa ndani yake, siku za "nunua" zilikuwa bora kuliko siku za "uza". Mwaka 1999 Sullivan, Timmermann na White wakauliza swali gumu zaidi: kabla ya kanuni hizo 26 kuchaguliwa, watu walikuwa wameshajaribu ngapi wakazitupa? Wakakusanya kanuni 7,846. Kanuni bora ilisimama vizuri kwenye miaka ya zamani hata baada ya kuhesabu huo uchaguzi, lakini kwenye miaka kumi iliyofuata, ambayo haikutumika kuichagulia, uwezo wake haukuonekana tena. Mwaka 2000 Andrew Lo na wenzake walifundisha kompyuta kutambua maumbo kama kichwa na mabega kwenye hisa za Marekani za 1962 hadi 1996. Walikuta baadhi yana taarifa kidogo, na wakasema wazi kwamba kuwa na taarifa si sawa na kuleta faida. Carol Osler naye alikuta kwamba sakafu na dari zilizotangazwa na makampuni ya fedha za kigeni zilisaidia kiasi kubashiri pale bei ingesita. Sababu inaeleweka, kwani watu wengi huweka oda zao kwenye namba za mviringo, na oda zikirundikana sehemu moja bei inagota hapo.

Kwa hiyo kuna kitu. Ila ni kidogo, kinabadilika, na lazima kilipie gharama.

Gharama sasa. Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, mwekezaji mdogo hulipa takriban asilimia 2 kila anaponunua na takriban 2 nyingine anapouza, ukijumlisha kamisheni ya dalali na makato mengine. Kwenda na kurudi ni 4. Kanuni ya kitabu inayokufanya uingie na kutoka mara moja kila mwezi inahitaji kukutafutia karibu asilimia 48 kwa mwaka kabla hujapata hata shilingi ya chai. Kwa 600,000 za mahindi, kila safari ya kwenda na kurudi ni kama 24,000. Mdogo wangu aliandika namba hiyo kwenye jalada la daftari lake, akaizungushia duara.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu havilisemi, kwa sababu viliandikwa na watu waliokaa karibu na masoko makubwa. Vinachukulia kwamba kila dakika kuna mtu ananunua na mtu anauza. Soko letu lilianzishwa mwaka 1996, biashara ikaanza Aprili 1998, na hisa za kwanza zilikuwa za TOL. Kampuni zilizoorodheshwa ni chache, na nyingi kati ya hizo zina siku ambazo hakuna hisa hata moja inayobadilisha mikono. Hisa za TBL zilikaa kwenye 10,900 kwa muda mrefu kiasi kwamba chati yake ilikuwa kama kamba ya kuanikia nguo. Hisa za kampuni za Kenya zilizoorodheshwa pia Dar, mfano Kenya Airways na KCB, zinauzwa hasa Nairobi. Hapa ni kama zina anwani tu.

Mpe kitabu siku kama hiyo. Bei ya kufungulia, ya juu, ya chini na ya kufungia zote ni sawa, mshumaa unakuwa kistari kimoja. Kitabu kitakwambia kistari hicho kinaitwa doji, na kwamba kinaonyesha wanunuzi na wauzaji wanavutana hakuna anayeshinda. Wapi! Hakuna aliyekuja. Ni sawa na kupita mnadani siku isiyo ya mnada, ukaona uwanja mtupu, ukaandika kwamba bei ya ng'ombe ina wasiwasi.

Au chukua kipimo cha RSI, alichokitoa J. Welles Wilder kwenye kitabu chake cha mwaka 1978, na ambacho kila anayejifunza foreksi anakijua. Unachukua wastani wa ongezeko la bei kwa siku 14, unagawanya kwa wastani wa upungufu, kisha unapeleka jibu kwenye kipimo cha 0 hadi 100. Juu ya 70 maana yake hisa imenunuliwa kupita kiasi, chini ya 30 imeuzwa kupita kiasi. Sasa fikiria hisa iliyosimama siku 13, na siku ya 14 mtu mmoja akanunua kwa shilingi 10 zaidi. Ongezeko lipo, upungufu ni sifuri. Unagawanya kwa sifuri, na programu inakupa 100. Yaani "imenunuliwa kupita kiasi mno, kimbia", kwa sababu ya mtu mmoja na shilingi 10. Na kama hakuna aliyenunua kabisa ni sifuri kwa sifuri, hapo kila programu inajibu kivyake.

Tena, nusu ya ishara za vitabuni ni za kuuza kile usichonacho ili ununue baadaye kwa bei ya chini. Mwekezaji wa kawaida Dar hana njia hiyo. Anauza alichonacho, basi. Ile "mura, hapa ni kuuza" ingemsaidia tu kama hisa zilikuwa tayari mkononi mwake.

Nilitaka pia tuangalie mfano wa nyumbani. Mgodi wa North Mara uko wilayani kwetu, Nyamongo. Kampuni iliyoumiliki, African Barrick Gold, iliorodheshwa London mwaka 2010 na Dar mwaka 2011, kisha ikabadili jina kuwa Acacia Mining mwaka 2014. Mwanzoni mwa Machi 2017 serikali ikazuia usafirishaji wa makinikia. Mei 24 kamati ya Profesa Mruma ikakabidhi ripoti yake kwa Rais Magufuli, na siku ile ile hisa za Acacia zikaporomoka London. Julai kampuni ikaletewa madai ya kodi ya takriban dola bilioni 190. Septemba 2019 Barrick ikanunua hisa zote zilizobaki, Acacia ikatoka sokoni.

Ukiichora chati ya London ya miezi hiyo utaona kitu ambacho kitabu kinakiita pengo, bei imeruka kutoka ngazi moja hadi nyingine bila kupita katikati. Kitabu kina sura nzima ya mapengo, na kila pengo lina jina. Lakini pengo linaonekana likishatokea, na aliyekuwa na hisa usiku wa kuamkia siku hiyo hakuna mshumaa uliomwonya kwamba kesho kuna ripoti. Isitoshe, makinikia yalikuwa yanatoka Bulyanhulu na Buzwagi. North Mara haizalishi makinikia. Mtu aliyejua hilo, na watu wetu wengi wanajua, alikuwa na taarifa ambayo haimo kwenye chati yoyote, ingawa haingemwokoa, kwa kuwa hisa ilikuwa ya kampuni nzima. Mkulima wa mpakani Sirari anaujua mshtuko wa namna hii: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ikalegeza siku chache baadaye kwa masharti. Chati ya bei ya mahindi isingekuambia.

Mfano wa upande wa pili ni CRDB, nao niuseme nisije nikaonekana nachagua ya kuangusha tu. Mwaka 2009 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa 150. Miaka kumi baadaye zilikuwa chini ya hapo. Kisha zikaanza kupanda, polepole kwanza, na mwaka 2024 zilikuwa zimepita 500. Mtu aliyefuata kanuni rahisi, nunua bei ikiwa juu ya wastani wake wa siku 200 na ukae, angelipata sehemu kubwa ya safari hiyo. Utafiti wa Jegadeesh na Titman wa mwaka 1993 ulikuta jambo la jamaa hiyo Marekani: hisa zilizofanya vizuri miezi 3 hadi 12 iliyopita huelekea kuendelea kwa muda. Ila aliyesoma taarifa za faida za benki hiyo miaka ile naye angeuona mlima bila kuchora mstari wowote.

Kama unasoma vitabu hivi, mimi sisemi uache. John Murphy anaeleza vizuri, na sura za kuamua mapema utapoteza kiasi gani kabla hujatoka zina thamani kuliko za maumbo, ingawa ndizo watu wanazoruka. Jihadhari tu na mifano. Kila chati ya kitabuni imechaguliwa na mtu aliyekuwa anajua mwisho wake, na kichwa na mabega kilichofeli hakikupata ukurasa. Dawa yake ni karatasi. Chukua bei za zamani, funika upande wa kulia, andika kanuni yako kwa wino kabla ya kuanza, sogeza karatasi siku moja moja, hesabu zilizofaulu na zilizofeli, na kila mara kata ile asilimia 4. Ukibadilisha kanuni katikati, anza upya. Na ukijaribu kanuni 100 zisizo na uwezo wowote, kwa kipimo cha kawaida cha takwimu kama 5 hivi zitaonekana zinafanya kazi, kwa hiyo andika pia idadi ya ulizotupa.

Wanaokimbilia foreksi na biashara za kununua na kuuza siku hiyo hiyo wana sababu zaidi ya kutumia karatasi kwanza. Watafiti wa Brazili walifuatilia watu walioanza biashara ya siku kwenye soko la mikataba ya hisa kati ya 2013 na 2015. Kati ya waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza pesa. Hao ndio waliodumu, sikuhesabu walioacha mapema.

Mdogo wangu hajaweka pesa. Bado. Mwezi uliopita alinipigia kunipa hesabu yake ya karatasi: ishara 17, zilizofaulu 9, kabla ya kukata gharama. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye furaha. Nikapiga hesabu nikiwa kwenye simu: uwezekano wa sarafu kupata 9 au zaidi katika mirusho 17 ni nusu kwa nusu kamili. Akauliza zinahitajika ishara ngapi ndipo tujue. Nikamwambia inategemea ukubwa wa uwezo. Kama kanuni yake kweli inafaulu mara 55 katika 100, kuitofautisha na sarafu kwa uhakika wa kuridhisha kunahitaji zaidi ya ishara 600.

Kimya kidogo.

"Mia sita?" akasema. "Sasa hapo si mahindi yatakuwa yamevunwa mara tatu?"

Nikamwambia pengine mara nne. Akasema ana daftari lingine, hilo halijaanza.